Mbwa Naye Anakwenda Moshi

Ikifika katikati ya Novemba, nyumba nyingi ninazozifahamu hapa Dar zinakuwa na kikao kilekile. Likizo zimeombwa, tiketi za basi zimeanza kuadimika, dada wa kazi ameshaaga kwamba anakwenda kwao Singida na hatarudi mpaka shule zifunguliwe. Baba na mama wenye nyumba wanatazamana juu ya sahani za wali. Halafu mmoja anauliza lile swali ambalo wote wawili walikuwa wanalikwepa: na huyu je?

Kwetu sisi "huyu" ni Tomi. Ana kilo 26. Baba yake alikuwa German Shepherd wa watu wa maana, mama yake koko wa Tabata asiye na anwani. Sikio moja limesimama, lingine limekataa. Nilikuwa naye kabla sijaolewa, na siku mume wangu alipokuja kunitembelea mara ya kwanza, Tomi ndiye aliyempokea mlangoni, tena kwa kelele. Kwa hiyo tulipofunga ndoa alishajua kwamba tunahamia wawili.

Najua wapo wanaosoma hapa huku wanatikisa kichwa. Mbwa ana safari gani? Si kazi yake kulinda? Mimi pia nimekua na mbwa wa namna hiyo, mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa, basi. Lakini hata mlinzi anahitaji mtu wa kumpa chakula, na Desemba ya 2023 mtu huyo hakuwepo. Kijana wetu wa getini alikuwa anaoa kwao Dodoma. Kituo cha kulaza wanyama tulichokiamini kilikuwa kimejaa. Na kumwachia jirani mbwa wa kilo 26 usiku wa mwaka mpya, fataki zinalipuka mtaa mzima, ni kumtafutia jirani wa watu matatizo. Usiku ule mbwa anaweza kuruka ukuta ambao mwaka mzima hakuwahi hata kuutazama.

Tukaamua: Tomi anakwenda Moshi, kwa wakwe zangu. Tukarudia tena 2024. Ninayaandika haya kwa sababu kila nikisimulia ofisini naulizwa maswali yaleyale, na majibu yake huyapati kwenye vile vitabu vya Ulaya vinavyodhani kila mtu ana gari la nafasi na wakwe wanaolala na mbwa kitandani.

Siti ya nyuma ni ya nani?

Nianze na lililokuwa gumu kuliko yote, maana halikuwa Tomi.

Siku nne kabla ya safari, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipiga simu. "Shemeji, nasikia mko wawili tu kwenye gari. Basi mimi nimekosa tiketi, mnipitie hapo Mbezi." Wewe unayeishi kwenye ukoo wa Kichaga unajua Desemba ilivyo. Wanaokwenda Moshi ni wengi kuliko siti zilizopo, na mwenye gari hana siti yake, siti ni za ukoo. Sasa gari letu ni dogo, watu watano wakibanana. Nyuma kulikuwa na Tomi, godoro lake, dumu la maji na mizigo ambayo haikuingia kwenye buti. Na shemeji anaogopa mbwa tangu alipong'atwa akiwa darasa la tatu.

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Mimi nilijua anachokiwaza, nilikuwa nakiwaza mimi pia. Tukisema hapana, habari itafika Moshi kabla yetu: mbwa alikuwa na siti, ndugu hakuwa nayo. Hiyo kauli haifutiki. Wajukuu wataikuta.

Tulikubaliana jambo moja usiku ule ambalo limetusaidia hata kwenye mengine yasiyohusu mbwa: kila mtu anaongea na ndugu zake mwenyewe. Mume wangu alimpigia mdogo wake akamweleza hali ilivyo, kwamba mbwa yupo, amefungwa mkanda, na kwamba yeye atakaa mbele, mimi nitahamia nyuma na Tomi. Mizigo miwili mikubwa tuliituma kwa basi kama kifurushi. Shemeji akauliza kama mbwa anaweza kufika mbele. Hawezi. Basi akaja. Mpaka Chalinze alikaa ameinamia kioo cha mbele kama mtu anayesoma ramani, lakini alikuja.

Sikushauri umlazimishe mtu anayeogopa. Mimi ningekaa nyuma mpaka Bukoba kama ingebidi. Kinachoumiza watu ni kufika kwenye gari na kukuta mbwa ambaye hakuna aliyemtaja.

Wiki tatu kabla

Tulianza kwa daktari wa mifugo mwishoni mwa Novemba, na hapo ndipo ninapowaona wengi wanachelewa. Chanjo ya kichaa cha mbwa haifanyi kazi siku ile unapochoma. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji wiki kadhaa ili mwili ujenge kinga, na kama ni mtoto, kwa kawaida husubiriwa mpaka afikishe miezi mitatu. Kwa hiyo kumkimbiza kwa daktari tarehe 22 ukiwa na safari tarehe 23 ni kununua muhuri tu. Tomi alikuwa na chanjo yake ya kila mwaka, lakini daktari alimpima, akamwangalia masikio, akampa dawa ya minyoo na ya kupe, na akatuandikia karatasi za safari. Wanyama wanaovuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine huhitaji kibali. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako mapema, na kadi ya chanjo iwe mkononi, isiwe kwenye begi lililo chini ya mabegi mengine. Karibu na Korogwe trafiki mmoja alichungulia nyuma akauliza kama huyo naye ana leseni. Nikampa karatasi. Alizisoma zote, akacheka, akaturuhusu.

Halafu mazoezi. Mbwa ambaye amepanda gari mara moja tu maishani, tena kwenda kuchomwa sindano, atakumbuka sindano. Jumamosi ya kwanza tulikaa naye ndani ya gari lililosimama, injini imezimwa, tukampa vipande vya maini. Ya pili tukamzungusha mpaka Segerea na kurudi. Ya tatu tukaenda Bagamoyo, akatoka udenda mpaka godoro likalowa, ambayo ni dalili ya kichefuchefu. Tulimwambia daktari, akatupa dawa ya kuzuia kutapika yenye dozi ya uzito wake.

Hapa niseme kwa sauti: dawa za kwenye kabati lako ziache kwenye kabati lako. Paracetamol kidogo tu inaweza kumuua paka. Ibuprofen inaharibu tumbo na figo za mbwa. Na ile habari ya "mpe kidonge cha usingizi alale mpaka mfike", mwachie daktari aamue. Mnyama aliyeleweshwa hawezi kujipooza vizuri wala kusimama sawa gari likiyumba, na wewe huwezi kujua kama amelala au amezidiwa.

Chakula cha mwisho alikula jioni. Kama mnaondoka mchana, hesabu angalau saa nne kati ya chakula na safari. Maji usimnyime kamwe, mpe kidogokidogo kila mnaposimama.

Mkanda, si mapaja

Tomi husafiri na mkanda wa kifuani, ule unaozunguka mabega na mbavu, ambao una kamba fupi inayochomekwa kwenye kufuli ya mkanda wa siti. Hatumfungi kwa mkanda wa shingoni, maana breki moja ya ghafla inaweza kumvunja shingo. Na kwa nini afungwe? Fikiria gari liko kilomita 80 kwa saa, mbuzi anakatiza pale Hedaru, mume wangu anakanyaga breki. Kila kisichofungwa kinaendelea na mwendo uleule wa gari. Kilo 26 za mbwa zikimpata shemeji kisogoni, hatutakuwa tunazungumzia Krismasi tena.

Siti ya mbele hapana, kwa sababu ya ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea. Umepimwa kwa mwili wa mtu mzima. Mapajani mwa dereva ndiyo kabisa. Na zile picha za mbwa ametoa kichwa dirishani, ulimi unapepea, ni nzuri kwenye kalenda. Barabarani kuna vumbi, mawe madogo na malori yanayopita karibu. Sisi tunafungua kioo nafasi ya vidole vitatu, anavuta harufu za Tanga yote bila kutoa jicho nje.

Kama ni paka, usijidanganye kwamba atatulia kwenye kanga mapajani. Paka akishtuka anaingia chini ya miguu ya dereva, kwenye pedali. Awe kwenye kikapu kinachofungwa au kijumba cha plastiki chenye matundu, kimefunikwa kitambaa chepesi, na ndani mna nguo yenye harufu ya nyumbani. Kikapu chenyewe kiwe sebuleni wiki mbili kabla, awe anaingia na kulala kwa hiari. Na mkifika, msimfungulie akazurure. Paka hajui kwamba amehama. Atatoka kuitafuta nyumba yake ya Dar akiwa Moshi. Mweke chumba kimoja kwanza.

Kuhusu mabasi sina mengi. Mengi hayapokei mbwa ndani, na mengine yatakwambia "weka kwenye buti." Buti la basi lina joto, giza, moshi na masanduku yanayoteleza. Hata kuku hafurahii. Kama hamna gari, bora mtafute wa kumwachia, au mkodi gari pamoja na wenzenu wenye wanyama.

Joto ndilo linaloua

Tuliondoka saa 10 alfajiri, si kwa sababu ya foleni ya Kibaha tu. Tulitaka tuwe tumeshapita Same kabla jua halijawa la utosi. Aliyepita ule ukanda wa mkonge na vichaka kutoka Mombo, Hedaru, Makanya mpaka Mwanga mwezi wa Desemba anajua upepo wake unavyotoka kama mlango wa tanuri umefunguliwa.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipooza hasa kwa kuhema, hewa inapita kwenye ulimi na koo lenye unyevu. Hewa yenyewe ikiwa ya moto, kuhema hakusaidii. Sasa chukua hesabu hii: nje kukiwa na nyuzi joto 24 tu, ambayo kwa Dar ni baridi ya kuvaa sweta, ndani ya gari lililofungwa kunafika nyuzi 34 kwa dakika 10, na baada ya nusu saa kunapita 42. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Dakika 10 ni muda wa foleni ya choo pale kwenye vituo vya mabasi Desemba. Hujaagiza hata chai.

Kwa hiyo Mombo tulikula kwa zamu. Mume wangu na shemeji walitangulia, mimi nikakaa chini ya mti na Tomi na dumu la maji. Waliporudi nikaenda mimi. Wali wangu ulikuwa umepoa na hamu ya kula imekwisha, lakini hapo hakuna njia nyingine. Nilipotoka nilimkuta shemeji ameshika kamba. Mume wangu alikuwa ameenda kuongeza mafuta, na shemeji amesimama na mkono ameunyoosha mbele kabisa kama mtu aliyeshika waya wa umeme, Tomi amelala miguuni pake. Sikusema kitu.

Tulisimama kila baada ya saa mbili au zaidi kidogo. Kamba haivuliwi hata mara moja, hata kama mbwa wako ni mtiifu kuliko wanakwaya. Sehemu asiyoijua, lori likipiga honi, utiifu unaisha. Na shingoni avae kibati au kitambaa chenye namba yako ya simu, inayopatikana njiani, si ile ya ofisini.

Dalili za joto kuzidi zijue wote wawili: anahema bila kutulia, mate yanakuwa mazito, fizi zinakuwa nyekundu sana, anayumba, anatapika. Ukiyaona hayo, kivulini mara moja, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, mpepee, na mtafute daktari hata kama ameanza kupata nafuu. Usimmwagilie maji mdomoni kwa nguvu. Mbwa wenye pua fupi, wale wa sura iliyobonyea ambao siku hizi wamekuwa fasheni Masaki, wanazidiwa upesi zaidi kwa sababu njia yao ya hewa ni nyembamba.

Wanaokwenda Iringa au Mbeya, barabara yenu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Humo usimteremshe mbwa hata kwa haja ndogo. Si simba tu ninaowazungumzia. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa virusi unaojulikana kwa mbwa ulipita kwa simba ukaua karibu theluthi moja yao, simba wapatao 1,000. Wataalamu waliufuatilia wakaona umetokana na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani. Chanjo yake ipo. Mwulize daktari siku ileile ya ile nyingine.

Kwa mama mkwe

Mama mkwe alikuwa ameshaulizwa. Si kuarifiwa, kuulizwa, na aliyeuliza ni mwanawe. Yeye alikuwa na maswali matatu: atalala wapi, atakula nini, na kuku wangu je? Huwezi kumlaumu. Kihamba hakina geti. Kuna migomba, kuna mbuzi, kuna kuku kumi na kitu wanaojua kwamba wao ndio wenye nyumba.

Tukafika na majibu. Chakula chake tulibeba wenyewe, unga wa dona na dagaa wa siku zote, kwa sababu kubadilisha chakula ghafla safarini ni kukaribisha kuhara kwenye uwanja wa mtu. Sahani zake zake, blanketi lake lake. Mama akatupa banda la zamani la ndama, tukafagia, tukatandika godoro lenye harufu ya Tabata. Saa nzima ya kwanza nilimzungusha kihamba chote kwa kamba, awaone kuku akiwa amefungwa na kuku wamwone. Siku zote nane alikuwa ama kwenye kamba ndefu ama kwenye banda. Kuku walibaki idadi ileile. Mama aliwahesabu kila jioni, nami nilijifanya sioni.

Krismasi ina hatari zake ambazo hazitoki kwa ubaya. Kila mgeni anataka kumpa mbwa kitu. Mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha. Mchuzi wenye vitunguu vingi unaharibu damu ya mbwa, na chokoleti ni sumu kwake. Mjomba mmoja alitaka kumwonjesha mbege "naye asherehekee". Nilimwomba mume wangu aende akakae na mjomba.

La kichaa cha mbwa lilikuja tarehe 26. Mbwa asiyejulikana aliingia uwanjani, anazubaa, watoto wakaanza kumrushia mawe. Hakuwa na kitu, ni njaa, mwenyewe alipatikana mtaa wa chini. Lakini watoto walijua kila kitu kuhusu fataki na hawakujua lolote kuhusu kung'atwa. Nikawaambia pale pale, na wewe waambie wa kwenu: karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au kukwaruzwa, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano, hata kama kidonda ni kidogo. Pilipili, mafuta ya taa na dawa za kienyeji kwenye kidonda, hapana.

Na kwa wenzetu mnaofikia kwenye nyumba za Waislamu, iwe Tanga au Unguja, ulizeni mapema zaidi. Kwa wengi mate ya mbwa ni najisi, na mtu akiguswa na ulimi akiwa anajiandaa kuswali umempa kazi. Mbwa akae nje, mbali na mahali pa udhu, atumie vyombo vyake mwenyewe. Nimeona watu wakipokelewa vizuri sana kwa utaratibu huo. Nimeona pia urafiki ukipoa kwa sababu mtu aliona ni "mambo ya kizamani" tu.

Sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Tuna miaka mitatu ya ndoa wakati huo, hatuna mtoto. Jioni ya Krismasi, watu wamejaa, shangazi yake mume wangu akamtazama Tomi, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya utani: "Wenzenu wanakuja na watoto, nyie mnatuletea mbwa." Watu wengine walicheka, wengine wakatazama sahani zao. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la kachumbari na sikujua niliweke wapi.

Mume wangu hakucheka wala hakupaza sauti. "Shangazi," alisema, "mtoto tukijaliwa utakuwa wa kwanza kumbeba. Huyu ni Tomi, na amekuja kwa sababu mke wangu hawezi kumwacha mtu nyuma." Akanipokea bakuli. Mama mkwe akaita watu waongeze nyama.

Nimefikiria sana tangu siku ile kwa nini watu wanaudhika na mbwa kwenye siti. Nadhani wanamwona amekaa mahali ambapo wao wanasubiri kumwona mtu mwingine. Kama na nyie mnasubiri, zungumzeni nyumbani kabla ya safari: utani ukija, nani atajibu, na atajibu nini. Sisi hatukuwa tumepanga. Yeye alikuwa na jibu lake tu. Usiku nilikwenda bandani kumpelekea Tomi maji, nikakaa nje kwenye kigoda, yeye akaja na blanketi, tukakaa mpaka baridi ya mlimani ikatufukuza.

Mbali zaidi ya Moshi

Shoga yangu mmoja amepata kazi Ujerumani na ana paka wawili. Alidhani ni suala la tiketi. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, mnyama anayetoka Tanzania anawekwa kwanza kidude kidogo chenye namba chini ya ngozi, ndipo anachanjwa kichaa cha mbwa; chanjo ikitangulia kidude, haihesabiwi. Baada ya siku 30 anatolewa damu, inapelekwa maabara inayotambuliwa na umoja huo kupima kama kinga imefika kiwango. Kisha ni miezi mitatu ya kusubiri, kuanzia siku damu ilipotolewa. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miezi minne kabla hujagusa cheti cha daktari wa serikali. Mwajiri alitaka aripoti baada ya wiki sita. Paka wamebaki kwa mama yake Morogoro, watamfuata, na mama ameshaanza kusema kwamba hawatoki.

Kwa ndege, kijumba kinatakiwa kiwe na nafasi ya mnyama kusimama bila kugusa juu, kugeuka na kulala amejinyoosha, na chombo cha maji kinachojazwa kwa nje. Dawa za usingizi mashirika mengi hayataki, na yako yanayokataa kabisa wanyama wa pua fupi. Piga simu kabla ya kukata tiketi yako mwenyewe.

Tulirudi Dar tarehe 2 Januari, watatu tu, shemeji alibaki wiki moja zaidi. Usiku uleule, kabla hata ya kufungua mabegi, tulimlaza Tomi barazani, mume wangu akishika tochi, mimi na kibano. Tulimtoa kupe wanne, wawili ndani ya sikio lile lililokataa kusimama. Unamshika kupe karibu kabisa na ngozi, unavuta polepole moja kwa moja, humchomi moto wala humpaki mafuta ya taa. Halafu unamwangalia mbwa wiki mbili tatu zinazofuata: akikataa chakula, akilala kupita kawaida, fizi zikipauka au akiwa na homa, ni kwa daktari, maana magonjwa ya kupe hayaonekani siku ya kwanza. Tukiwa katikati ya kupe wa tatu simu ya mama mkwe ikaingia, nikaiweka kwenye spika. Alitaka kujua kama mbwa amesafiri salama, na kama lile banda tulilifunga, kwa sababu kuku wameanza kutagia kwenye godoro.